Daktari Bob Smith: mlevi aliyepona alipokutana na mlevi mwenzake

Mama au mlezi anayeishi na mtu wa pombe huulizwa na kila anayekutana naye: umejaribu nini? Naye ana mengi ya kutaja. Amebembeleza, amegomba, amenyamaza, amemwaga gongo chooni, ameita wajomba na wazee, amekwenda kwa padri au kwa shehe. Jambo moja ambalo wengi hawajawahi kuambiwa ni kumtafutia mgonjwa wao mtu mwingine aliyewahi kunywa kama yeye, na ambaye sasa hanywi.

Leo tunalieleza jambo hilo kupitia maisha ya daktari mmoja wa upasuaji wa Marekani, Robert Holbrook Smith, ambaye dunia inamfahamu kwa jina la Dr. Bob. Yeye na mwenzake Bill Wilson ndio walioanzisha Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, yaani vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Wengi humkumbuka kama mwanzilishi. Sisi tunamtazama kwanza kama mume na baba aliyeitesa nyumba yake kwa miaka mingi. Mwishoni tunaeleza pa kuanzia ukitafuta kikundi ukiwa hapa Kitete au kwingine mkoani Tabora.

Nyumba yenye malezi makali

Bob alizaliwa tarehe 8 Agosti 1879 katika mji mdogo wa St. Johnsbury, jimbo la Vermont. Baba yake alikuwa hakimu, na familia iliheshimika. Mama yake alikuwa mwanamke wa dini na mkali kwa malezi. Mtoto alipelekwa kanisani mara kadhaa kwa wiki, na jioni alitakiwa kitandani mapema kuliko watoto wote wa jirani. Alipokuwa na miaka kama tisa aliokota shambani mtungi wa kileo cha matufaha uliofichwa na vibarua, akauonja, akaupenda.

Tunalitaja hili kwa sababu akina mama wengi hujilaumu. Wengine hudhani walideka mno, wengine hudhani walichapa mno. Uraibu wa pombe ni ugonjwa unaotokana na mambo mengi kwa pamoja: maumbile ya mwili na damu ya ukoo, umri wa kuanza kunywa, marafiki, shida za moyo, na urahisi wa kuipata pombe yenyewe. Malezi yanachangia, lakini hakuna mzazi aliyempa mwanawe ugonjwa huu kwa kosa moja.

Alipokwenda Chuo cha Dartmouth, Bob alijulikana kwa kunywa sana bila kuumwa kichwa asubuhi. Wenzake walimwonea wivu. Kumbe hiyo ni moja ya dalili za hatari, maana mwili usiotoa onyo humruhusu mtu aende mbali zaidi. Kijana wako akisifiwa kijiweni kwamba pombe haimwangushi, usifurahi.

Alimaliza Dartmouth mwaka 1902, akauza bidhaa kwa miaka mitatu, kisha akasomea udaktari. Pombe ilimfukuzisha chuo kimoja, na katika chuo cha pili, Rush huko Chicago, alilazimishwa kurudia sehemu ya mwaka wa mwisho bila kugusa kileo ndipo apewe shahada. Aliipata mwaka 1910. Miaka miwili ya mafunzo kazini katika Hospitali ya Jiji la Akron, jimbo la Ohio, alikuwa na kazi nyingi kiasi kwamba hakupata nafasi ya kunywa, na familia yake ikaamini mambo yamekwisha. Mwaka 1912 alifungua ofisi yake. Pombe ikarudi, na safari hii ilimlaza vituoni mara nyingi. Siku moja baba yake alilazimika kumtuma daktari kutoka nyumbani akamchukue, na Bob akakaa kitandani katika nyumba aliyozaliwa kwa wiki kadhaa.

Mwezi Januari 1915 alimwoa Anne Ripley, mwalimu aliyekuwa amemsubiri kwa miaka 17 tangu walipokutana wakiwa vijana. Mwaka 1918 walipata mtoto wa kiume, na mwaka 1923 wakalea binti waliyemchukua akiwa na miaka mitano.

Sheria haikumwokoa, na bia haikumwokoa

Mwaka 1920 Marekani ilipiga marufuku pombe nchi nzima. Bob alidhani amepona: isipokuwepo dukani, atakunywa nini? Lakini madaktari waliruhusiwa kuandikia wagonjwa pombe kama dawa. Bob alichukua majina ya watu ovyo kutoka kitabu cha simu, akaandika vyeti, akanywa mwenyewe. Pia palikuwa na wauzaji wa magendo waliomletea mlangoni. Sisi tunaoishi na gongo tunaelewa bila kuelezwa. Gongo imekatazwa kisheria miaka nenda rudi, na bado mtoto wa darasa la tano anajua inauzwa nyumba gani.

Marufuku ile ilipofutwa mwaka 1933, Bob alijiambia kwamba atakunywa bia tu, kwa kuwa ni nyepesi. Anne akakubali, akatumaini. Bob akajaza bia chumba cha chini cha nyumba, akanywa katoni nzima na zaidi kwa siku, akanenepa kwa kilo kama 14 katika miezi miwili. Halafu akaanza kuongezea spiriti ndani ya bia. Mke akisikia mumewe ameacha gongo na sasa anakunywa wanzuki peke yake, kwa kuwa ni ya asali na asali ni dawa, asishangilie mapema. Kilevi kilichomo ni kilekile.

Miaka hiyo Anne aliishi maisha ambayo wasomaji wetu wanayafahamu. Alimpekua mumewe mifukoni. Yeye akaficha chupa ndani ya soksi, kwenye pipa la makaa, juu ya boriti za dari, kwenye jalala la majivu, ndani ya glovu alizoacha kibarazani. Asubuhi alikunywa dawa za usingizi ili mikono isitetemeke mbele ya wagonjwa, jioni akanywa pombe ili apate usingizi. Fedha zilikwisha, marafiki wakaacha kuwaalika, watoto wakajifunza kutoleta wenzao nyumbani. Ahadi alizitoa, na alipokuwa akizitoa alizimaanisha. Hilo pia linafaa kusemwa, maana mlezi huona kila ahadi iliyovunjwa kuwa uongo wa makusudi.

Mwanzoni mwa 1933 yeye na Anne walijiunga na kikundi cha kidini kilichokuwa kikikutana majumbani. Kwa miaka miwili na nusu Bob alisoma vitabu, aliomba, alihudhuria. Na karibu kila usiku alilewa. Angalia basi: huyu alikuwa daktari, aliyejua ini linavyoharibika kuliko mtu yeyote mtaani kwake. Alikuwa na mke mvumilivu, alikuwa na imani, alikuwa na watu wa kumwombea. Elimu haikupungua, upendo haukupungua. Hakuwa na mtu aliyepita njia ileile.

Siku ya Mama, 1935

Mtu huyo alikuwa Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, aliyekuwa na miezi mitano tu bila pombe. Alikuja Akron kwa biashara, biashara ikaharibika, akabaki hotelini karibu bila fedha. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 11 Mei 1935. Upande mmoja wa ukumbi wa hoteli palikuwa na baa, watu wanacheka. Upande wa pili palikuwa na simu na orodha ya makanisa ya mji. Bill aliogopa. Kule New York alikuwa amejaribu kuwaachisha walevi wengi, na hakuna hata mmoja aliyefanikiwa. Lakini aligundua kitu: kila alipokaa kuzungumza na mlevi, yeye mwenyewe hakunywa. Sasa alihitaji mlevi, tena haraka.

Akampigia mchungaji mmoja asiyemfahamu. Mchungaji akampa majina kama kumi. Mmoja hayupo, mwingine ana shughuli, mwingine hakuelewa anachotaka. Mwisho wa orodha akampata mama mmoja, Henrietta Seiberling, mama wa watoto watatu, mwenzao Bob na Anne katika kile kikundi cha sala. Wiki chache kabla, Bob alikuwa amekiri mbele ya wenzake kwamba anakunywa kwa siri na hawezi kuacha. Henrietta aliposikia sauti ya mgeni anayesema kwamba yeye ni mlevi na anamtafuta mlevi mwingine, hakukata simu. Akamwambia aje.

Kisha Henrietta akampigia Anne. Anne akajibu kwamba siku hiyo haiwezekani. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mama, Bob alikuwa amemletea mkewe ua kwenye chungu kama zawadi, akaliweka juu ya meza, na yeye mwenyewe akalala chini ya meza hiyo. Wakapanga Jumapili.

Jumapili ile, saa 11 jioni, Bob alifika akitetemeka. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba atakaa dakika 15, si zaidi. Henrietta aliwaingiza wanaume wawili katika chumba kidogo cha vitabu, akafunga mlango. Walitoka baada ya saa 5 usiku.

Bill hakumhubiria, wala hakumweleza ubaya wa pombe. Alimsimulia habari zake mwenyewe: alivyoficha chupa, alivyomwahidi mkewe, alivyoamka bila kukumbuka. Baadaye Bob alieleza kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza kuzungumza naye kuhusu pombe akijua anachokisema kwa kuwa kilimpata. Na Bill hakuja kutoa msaada tu, alikuja kuuomba. Kwa Bob, aliyechoka kuwa mzigo wa kila mtu, kuambiwa kwamba anahitajika lilikuwa jambo geni.

Tunawatazama wale wanawake wawili kwa makini, kwa kuwa wasomaji wetu wamo katika nafasi yao. Anne hakumponya mumewe. Henrietta hakumponya rafiki yake. Walichofanya ni kupokea simu, kupanga saa, kumfikisha mtu mlangoni, na kukaa nje ya chumba.

Aliteleza mara moja

Anne alimkaribisha Bill aishi kwao majira yale ya joto. Wiki tatu zikapita vizuri. Halafu Bob akasafiri kwenda mkutano wa madaktari huko Atlantic City, akaanza kunywa ndani ya treni, na akapotea kwa siku kadhaa. Anne na Bill walipopata habari zake walikwenda kumchukua, wakamlaza, wakamhudumia bila kumtukana. Asubuhi ya tarehe 10 Juni 1935 alikuwa na mgonjwa wa kufanyiwa upasuaji, na mikono ilikuwa inatetemeka. Bill alimpa chupa moja ya bia imtulize, akampeleka hospitali. Ile ndiyo pombe yake ya mwisho. Upasuaji ukaenda salama, lakini jioni Bob hakurudi, na Anne akahofia yaleyale. Kumbe alikuwa akizunguka mjini kwa watu aliowadai kwa maneno makali na waliomdai fedha, akiomba radhi mmoja mmoja.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu ile bia si mfano wa kuigwa nyumbani. Mtu aliyekunywa kila siku kwa muda mrefu akikatisha ghafla anaweza kuugua vibaya, na wengine hufa. Dalili huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kutapika, kukosa usingizi. Hatari kubwa ni katika siku mbili tatu za mwanzo. Akipata degedege, akiona au kusikia vitu visivyokuwepo, akichanganyikiwa asijue yuko wapi, au akiwa na homa kali, mpeleke hospitali mara moja, usiku au mchana. Hapa Tabora hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete. Wahudumu wana dawa za kumtuliza, na watampa pia vitamini B1 inayokinga ubongo. Usimfungie chumbani, na usimpe dawa za usingizi za mtu mwingine. Kama anakunywa kila asubuhi ili aache kutetemeka, azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuacha.

Kama ni gongo amekunywa, na macho yakaanza kuona ukungu au kuumwa, usingoje kesho. Huenda ina methanoli, na sumu hiyo hupofusha na kuua.

Mgonjwa wa tatu, kisha wagonjwa 5,000

Siku chache baada ya kuacha, Bob alimpigia simu muuguzi wa Hospitali ya Jiji la Akron akimwuliza kama ana mlevi wodini. Alikuwepo mmoja, mwanasheria Bill Dotson, aliyelazwa mara nane katika miezi sita na aliyekuwa amewapiga wauguzi ngumi. Bob na Bill wakaenda wakakaa kando ya kitanda chake, wakamsimulia habari zao. Alitoka hospitali mapema Julai, na hakunywa tena. Wakawa watatu. Kuanzia hapo walikuwa kikundi.

Mwaka 1939 Bob alianza kazi pamoja na Sista Ignatia, mtawa mdogo wa umbo aliyepokea wagonjwa katika Hospitali ya St. Thomas. Hospitali za wakati ule hazikupenda kulaza walevi, maana walipiga kelele na hawakulipa. Sista Ignatia alimwingiza wa kwanza kwa kuandika kwamba anaumwa tumbo, akamweka katika chumba kilichotumika kupangia maua. Katika miaka 11 iliyofuata wawili hao walihudumia walevi wapatao 5,000 pale, na Bob hakuwatoza ada ya udaktari. Kila mgonjwa alitembelewa kitandani na watu waliokwisha kuacha, na siku ya kutoka alikuwa na mtu wa kumpeleka mkutanoni.

Nyumbani, Anne aliwapokea wake zao. Waume walipokuwa wakizungumza sebuleni, yeye alikaa jikoni na mama aliyekuja akilia, akammiminia kahawa, akamsikiliza. Hata macho yake yalipofifia uzeeni, mgeni mpya mkutanoni alikuwa wa kwanza kutafutwa naye. Alifariki tarehe 1 Juni 1949. Mwaka 1951 Lois, mke wa Bill Wilson, alisaidia kuunganisha vikundi vya familia kwa jina la Al-Anon, vikiwa kwa ajili ya mke, mama, mume au mtoto wa mtu wa pombe, hata kama mnywaji mwenyewe hajaacha.

Dr. Bob alifariki kwa saratani tarehe 16 Novemba 1950, akiwa na miaka 15 bila pombe. Watu walitaka kumjengea mnara, akakataa. Alisema hamu ya pombe ilimsumbua kwa miaka miwili na nusu ya mwanzo, na tunaona vyema mlezi ajue hilo: mtu anaweza kuwa anaendelea vizuri na bado anatamani.

Ukitafuta kikundi ukiwa Tabora

Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka hapa na pembe za ndovu kuelekea Bagamoyo hawakusafiri mmoja mmoja. Walingojana mpaka msafara utimie. Kikundi cha kuacha pombe kinafanya kazi hivyohivyo. Mkutano wa AA huchukua kama saa moja, hauna kiingilio, na sharti la kujiunga ni kutaka kuacha kunywa. Watu hutumia jina la kwanza tu, na yanayosemwa hubaki pale. Mmoja anasimulia, wengine wanasikiliza, hakuna anayehojiwa. Ipo mikutano ya wazi ambayo ndugu anaruhusiwa kuhudhuria, na ipo ya wenyewe kwa wenyewe.

Tanzania Bara mikutano hii hupatikana zaidi katika miji mikubwa. Zanzibar, nyumba za upataji nafuu za vijana walioacha heroini zimetumia hatua 12 za AA kwa miaka mingi. Pia kuna mikutano kwa njia ya simu na intaneti, hivyo mwenye simu janja anaweza kuanza akiwa Kitete, Sikonge au Urambo.

Kwa huduma ya karibu, anza na hospitali. Pale mapokezi huna haja ya kueleza habari zote mbele ya foleni. Sema unataka kumwona mhudumu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Ukiwa naye, uliza maswali mawili: je, kuna kikundi cha watu walioacha pombe kinachokutana hapa mjini? Na kama hakuna, je, katika wagonjwa wenu wa zamani yupo aliyeacha ambaye atakubali mumuulize kama anaweza kuzungumza na mwanangu? Mhudumu hatakupa jina bila ruhusa ya mtu huyo, na usimkasirikie kwa hilo. Mwachie namba yako ya simu. Uliza pia parokiani, usharikani au msikitini, na kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wako, kwani hao hujua nani alikuwa wa kilabuni kila siku na leo haonekani huko.

Ukimpata mtu, fanya kama Henrietta. Panga siku na mahali patulivu, asubuhi ikiwezekana, kabla mgonjwa hajanywa. Mwambie mwanao kwamba kuna mtu anataka kuonana naye kwa dakika 15. Usikae chumbani kuwasikiliza, na usimwulize usiku wamezungumza nini. Asipokubali mara ya kwanza, mwachie mgeni nafasi ya kurudi. Na kama nyumbani kuna kipigo au vitisho, usalama wako na wa watoto hutangulia: nenda kwa jirani unayemwamini, dawati la jinsia la polisi, au ustawi wa jamii, hata kama yeye bado hajaamua lolote.

Kwa desturi ya AA, watu wawili au watatu wanaokutana ili wakae bila pombe wanahesabiwa kuwa kikundi. Hawahitaji ofisi wala barua ya mtendaji, ila siku moja ya wiki isiyobadilika na benchi la kukalia.